Aliyeumia asilazimishwe kusimulia ili tupate klipu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Malindi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya wikendi, ya vijana wa TikTok mliowaita "wavunja ukimya" wa troma, yaani kiwewe cha mambo mazito yaliyompata mtu, mkaipamba na picha mlizozichomoa kwenye video zao, na mojawapo ni ya mama analia huku kijimaikrofoni kimebanwa kwenye leso yake. Makala ilisomeka vizuri sikatai, hapa saluni tuliisoma kwa sauti, lakini mlisifu mwanzo mwisho, hamkuuliza huyo mama aliambiwa nini kabla kamera haijawashwa wala alibaki na nani ilipozimwa. Mimi ndo hapo ninapokwama, na naomba barua hii msiikate sana maana nawajua.

Mimi ni msusi, saluni yangu iko Majengo. Mwaka 2023 wakati wa Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, nilijitolea, tukapewa mafunzo ya jinsi ya kukaa na familia zilizokuwa zinamiminika hapa mjini kutafuta watu wao, kwa hivo haya mambo nimeyaona ya kwenye simu na nimeyaona ya watu wenyewe.

Nianze na ya simu. Mtu akija kusukwa rasta ndogondogo anakaa kitini saa nne tano, simu mkononi, sauti juu, na mimi nikitaka nisitake naskia kila kitu. Zamani zilikuwa video za mapishi na za vichekesho, siku hizi ni troma. "Alama saba kwamba una troma ya utotoni." Alama zenyewe ni unaomba msamaha hata hujakosa, unashtuka simu ikiita, hupendi kupewa zawadi, unapenda kukaa peke yako, unaingia chumbani unasahau ulichofuata. Kuna msichana wa sekondari alikuwa anasukwa hapa likizo akaniambia, "Auntie mimi hizi zote ninazo." Mama muuza samaki aliyekuwa kiti cha pili akadakia, "Mwanangu simu ikiita hata mimi nashtuka, lakini mimi ni mikopo!" Saluni nzima tukacheka isipokuwa yule msichana mwenyewe, yeye aliigeuza simu kifudifudi kwenye mapaja akanyamaza, na mpaka namaliza kichwa sikujua kama ana jambo kweli au ametishwa tu na mtu mwenye taa ya duara usoni.

Hapo ndo ubaya wa hizi za alama saba, yaani mwenye jambo zito na asiye na jambo wanatoka na jibu moja. Madaktari wenyewe hawana haraka hivo. Ugonjwa huu wa kiwewe uliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Vietnam kushindwa kuishi nyumbani kama watu, na mpaka leo ili uambiwe unao lazima kwanza kuwe na tukio la kutisha kweli, kifo au kuponea chupuchupu, jeraha kubwa, kunajisiwa, limekupata wewe au umeliona au limempata mtu wako wa karibu. Kisha lile jambo liwe linakurudia ndotoni na hata mchana kama linatokea sasa hivi, unakwepa njia na watu na vitu vya kukukumbusha, moyo umegeuka huoni raha ya kitu wala humwamini mtu, mwili unakaa macho kila saa kama askari wa zamu, na hali hiyo ipite mwezi mmoja na maisha yawe yamekwama. Kuna na ile ya kuteswa muda mrefu, mfano mtoto anayedhulumiwa miaka na miaka nyumbani, hiyo Shirika la Afya Duniani wameipa nafasi yake kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Kwa hivo ya utotoni ipo, si uzushi. Lakini kusahau ulichofuata chumbani? Bana.

Na kuna kitu hizo video hazikisemi kwa sababu hakina watazamaji. Hao hao WHO wanasema kama watu 70 kati ya 100 duniani watapatwa na tukio la aina hiyo maishani, na katika hao watakaopata ugonjwa wenyewe ni asilimia 5.6 tu, yaani kama mtu mmoja kwa kila 18. Wengine wote wanaumia, wanakosa usingizi, wanalia, kisha polepole wanarudi wakiwa na watu wao, kazi zao, ibada zao. Sisemi hivo ili yule mmoja apuuzwe, yeye atafutiwe matibabu na yapo. Nasema wale 17 wanaambiwa kila siku na simu kwamba wameharibika na hawajui.

Sasa mniruhusu niwe na haki kidogo. Mpwa wangu ni wa bodaboda, aligongwa barabara ya Mombasa na abiria wake akafariki pale pale, miezi kadhaa hakuwa analala, akiskia breki za lori anaruka. Sisi tukadhani ni majini, babake akamtafutia mtu wa kumsomea, na kusomewa kulimtuliza sitakataa. Lakini kilichomfanya akubali kwenda hospitali ni video, ya nesi mmoja ambaye hakulia wala hakuweka piano, alisema tu ukiwa na hivi na hivi na umepitisha mwezi nenda ukamwone daktari, huo si wazimu na unatibika. Alisema ukweli kwa dakika moja na akaacha mlango wazi. Video kama hiyo naipigia makofi, na wale wanaosimulia yao wenyewe kwa hiari yao, yamewajaa wakaamua kusema, hao sina neno nao hata kidogo, ni mdomo wao.

Neno langu ni na wale wanaokwenda kusimuliwa ya wengine.

Kati ya waliokuja wakati ule wa Shakahola kulikuwa na mama wa bara, sitasema wa wapi, binti yake na wajukuu walikuwa wameingia kule msituni. Alipanga chumba nyuma ya saluni yangu. Asubuhi anaenda hospitali kuuliza, jioni anarudi, anakaa kwenye kibaraza changu, haongei. Na sisi tulikuwa tumefundishwa usimuulize, kaa naye, mpe maji, mwulize kama amekula, kama ana salio la kupigia nyumbani, akitaka kusema atasema. Siku moja akaja kijana na simu kwenye kijiti, maneno matamu, "Mama pole sana, Wakenya wanataka kukuskia." Mama akaanza, na alipofika ile siku ya mwisho alipoongea na binti yake sauti ikamkatika akalia, na wakati uo huo bodaboda ikapita na honi. Yule kijana, na mimi nimesimama pale na chanuo mkononi, akamwambia, "Mama samahani, hapo boda imeharibu sauti, hebu rudia kuanzia pale ulipolia."

Na akarudia! Mtu mzima wa heshima akiombwa kitu na kijana mwenye adabu ya mdomo hutoa, hajui kama anaweza kukataa. Alirudia na akalia tena, kijana akashukuru, akakunja kijiti chake, akapanda tuktuk. Usiku ule yule mama hakulala, nilimskia anazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi hakwenda hospitalini, akasema ataulizwa tena.

Klipu niliiona baadaye. Kile kilio kilikuwa kimekatwa kikawekwa mwanzo kabisa, kabla hata hajasema jina lake, kwa sababu wanajua zile sekunde za kwanza ndo mtu anaamua apitishe kidole au abaki. Halafu piano, halafu maandishi manjano. Video za TikTok tangu 2022 zilisharuhusiwa kufika hata dakika kumi, si zile za sekunde 15 za mwanzo, kwa hivo mtu asiniambie muda ulikuwa mfupi. Zile saa alizokaa kibarazani ananyamaza hazikuwemo, kungojea hakumo, na kungojea ndo kulikuwa jambo lenyewe. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, ikaletwa mochari hapa Malindi, ikabidi ipimwe DNA, na ya kwanza kukabidhiwa familia ilikuwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya makaburi kuanza kufunguliwa Aprili 2023. Mwaka mzima mtu hajui alie au atumaini. Nani atatazama klipu ya mwanamke amekaa tu kwenye kibaraza?

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata huo ushauri wa kumtapisha mtu uchungu wake siku zile zile ulishajaribiwa, tena na wataalamu. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell alitoa utaratibu wake kwa wazima moto na watu wa ambulensi, kwamba baada ya tukio baya wakusanywe mapema, kila mtu aeleze aliona nini na aliskia nini moyoni, ili uchungu usije ukakaa ndani. Ulisikika wa maana ukaenea dunia nzima, ukatolewa kwa watu wa ajali, wa moto, wa kila kitu. Kisha watu wakaanza kupima. Kule Wales mwaka 1997 ulitoka utafiti wa watu waliolazwa kwa kuungua, nusu walikalishwa wakasimulia, nusu wakaachwa, na baada ya miezi 13 wenye kiwewe miongoni mwa waliosimulishwa walikuwa asilimia 26, walioachwa asilimia 9. Ni kweli waliosimulishwa baadhi yao walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo, binti yangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenionyesha hilo na akanikataza nilifiche, lakini tafiti zilizofuata nazo hazikuona faida, na WHO sasa wanasema waziwazi hiyo ya kumkalisha mtu mara moja asimulie isitumike. Kitabu chao cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia cha 2011, ambacho ndo tulifundishiwa, kina mambo matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama na anahitaji nini, sikiliza kama anataka kusema, muunganishe na watu wake na huduma. Na kimeandika kabisa usimshinikize mtu kusimulia yaliyompata.

Yule kijana wa kijiti hakuangalia, alisikiliza kwa ajili ya sauti ya video, na hakumuunganisha na mtu yeyote isipokuwa watu elfu sijui ngapi wa kwenye komenti, wengine wakimwambia mama amefanya uzembe kwa nini hakumzuia binti yake. Yule mama hana simu ya kuona hizo komenti, alhamdulillahi, lakini mwanawe wa kiume anayo.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nasema watu wasiseme. Matibabu mengi yanayofanya kazi kwa kiwewe yana kusimulia ndani yake, mtu anarudi kwenye lile jambo kidogokidogo. Lakini anayemrudisha ni mtu yule yule wiki baada ya wiki, mlango umefungwa, mgonjwa akisema leo basi inakuwa basi, na akitoka pale vibaya kuna mtu wa kumpigia. Na sisi pwani hatukuhitaji kitabu kujua hilo. Ukienda kwenye msiba hapa unasema makiwa, unakaa mkekani, mwenye msiba akisema unaskia, asiposema mnakaa hivo hivo, wanawake wako nyuma wanapika, na atakayeanza kumhoji mfiwa marehemu alikufaje alikufaje atatolewa kwa jicho tu. Wamijikenda nao kwenye hanga yao wanakesha na mfiwa siku kadhaa, ngoma zinapigwa, watu wanakula, hajaachwa peke yake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha mwenye akili hatoki nje akaitangaza. Leo mwosha ana akaunti na wafuasi!

Na klipu haifi. Mwaka 2025 makaburi mengine yalipopatikana Kwa Binzaro ile video ya yule mama ilirudi, imepakiwa na mtu mwingine kabisa, piano nyingine, na maandishi yanayofanya uamini yeye ni wa Kwa Binzaro. Mwanawe akanipigia akaniuliza auntie hii tunaitoaje. Tuliiripoti, ikaondoka ile moja, zikaja nyingine. Kisheria haki anayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, na anaweza kulalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Ofisi hiyo ina meno ikitaka, mwaka 2023 iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Lakini niambieni mama wa kijijini atamlalamikia nani wakati akaunti iliyoiweka inaitwa kwa nambari na emoji.

Nimesahau wauzaji. Hao wanakuja nyuma ya video za alama saba kama nzi, "kochi wa troma", tuma pesa kwa till, kikao dakika thelathini kwa wasap. Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, anayefanya kazi hiyo anatakiwa awe amesajiliwa, kwa hivo kabla hujatuma mwombe nambari yake ya usajili, akianza kukuhubiria kuhusu safari yake mwenyewe ya uponyaji ujue hana. Na kuna wale wanaosema kiwewe kinahifadhiwa kwenye nyonga, ukinyoosha mapaja dakika mbili utalia na utapona. Kunyoosha viungo ni kuzuri, mimi mwenyewe nikisimama kusuka siku nzima nanyoosha, ila mpaka leo nyonga imenitoa uchovu tu.

Ninachowaomba nyinyi wa gazeti ni kitu kidogo ambacho mnakiweza bila kungoja serikali. Picha ya mtu analia iliyotolewa kwenye video ya mtandaoni msiichape mpaka muwe mmempata mwenyewe, si aliyemrekodi, mwenyewe, kwa simu au kwa mguu, na mmuulize leo anasemaje, maana aliyekubali akiwa amechanganyikiwa siku ya tatu ya msiba anaweza kukataa akili ikitulia. Mkishindwa kumpata wekeni picha ya bahari. Mtoto msimweke kabisa hata mzazi akikubali. Na mkituma mwandishi kwenye tukio, mfundisheni kwamba swali la kwanza kwa aliyeokoka ni umekula, na kwamba "unajiskiaje" si swali, anajiskia vibaya, kila mtu anajua.

Lamu nina mashemeji upande wa Mpeketoni. Juni 2014 wauaji walipoingia kule usiku watu wakiwa wanatazama Kombe la Dunia, wakaua zaidi ya watu 60 katika siku hizo mbili, hakukuwa na TikTok. Kila ikifika Juni simu za kule zinajaa picha za magari yaliyoungua, zimetiwa muziki na mtu ambaye pengine wakati ule alikuwa darasa la pili, na shemeji yangu mwezi huo mzima hafungui simu isipokuwa kupokea. Mwenye kovu usidhani kapoa. Anayetaka kuadhimisha ile siku si aende akawaulize wajane wanataka ikumbukwe vipi? Wapo, wana majina na nyumba, na wengine bado wanasomesha watoto peke yao.

Jambo la mwisho. Kwenye makala yenu yote ile, ukurasa mzima na picha nne, hamkuweka hata nambari moja. Msomaji aliyeguswa na lile neno troma akapata joto kifuani saa tano usiku mlitaka afanye nini, afungue TikTok? Msalaba Mwekundu wana 1199, haina malipo. Watoto wana 116, dhuluma ya kijinsia ni 1195. Zote tatu zinaingia kwenye mstari mmoja chini ya habari, na kama hii barua mtaichapa naomba mstari huo msiukate.

Msusi,
Majengo, Malindi